Oili ya giaboksi ya otomatiki kwenye gari kuukuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1998. Lilishushwa Kilindini likiwa limeshachoshwa Japani, na hadi leo lina giaboksi yake ile ile. Kwa sababu hiyo tu majirani wamenifanya mufti wa giaboksi: jioni barazani, kahawa haijapoa kikombeni, mtu keshauliza. Mimi si fundi wa kazi. Ni mtu aliyelala chini ya gari lake mara nyingi, akakosea mara kadhaa, na akajifunza kwa mafundi wenye subira. Majibu haya yanahusu giaboksi za otomatiki za kawaida, zile zenye konveta (bakuli la oili lililo kati ya injini na giaboksi) na gia tatu, nne au tano. Wenye CVT, giaboksi ya mkanda na puli, wana swali lao huko chini, na tafadhali wasiliruke.

Gari lina miaka zaidi ya ishirini na oili haijawahi kuguswa. Nikiibadilisha leo, si giaboksi itakufa kesho?

Hofu hii haikuzuka hewani. Kila mtaa una mtu aliyebadilisha oili Jumamosi, Jumatano akaonekana akivutwa kwa kamba.

Ndani ya giaboksi mna sahani za klachi zinazolowa oili muda wote. Zimevishwa ngozi ya kukamatia, na ngozi hiyo huliwa kidogo kidogo. Vumbi lake hubaki likielea kwenye oili. Sahani zikishakwisha, uchafu ule hugeuka kuwa mchanga wa kuzisaidia zishikane. Ukiumwaga wote ukatia oili safi, sahani zinabaki na upara wao na gari linaanza kuteleza. Mwenye gari atasema oili mpya imeua giaboksi, kumbe giaboksi ilikuwa mgonjwa wa siku nyingi na oili mpya imemfunua shuka tu. Tena watu wengi hawaikumbuki oili hii mpaka gari lianze kusita. Wanampeleka hospitali mtu ambaye ameshakata kauli, kisha wanamlaumu daktari.

Kwa hiyo usianze na spana. Anza na kuliendesha gari na kuangalia oili. Kama gia zinaingia vizuri, gari halisiti ukiweka D wala R, na oili ni ya kahawia lakini hainuki moto, badilisha bila wasiwasi, kwa awamu kama nitakavyoeleza. Kama gari tayari linateleza, injini inanguruma na mwendo hauongezeki, na oili ni nyeusi yenye harufu ya kuungua, oili mpya haitarudisha ngozi iliyokwisha. Unaweza kujaribu, lakini jaribu huku ukijua, na pesa za giaboksi ya mtumba uwe umeanza kuziweka kando.

Nitajuaje kama oili imeharibika?

Kwa macho, pua na karatasi nyeupe. Oili mpya ya giaboksi nyingi hutiwa rangi nyekundu ili isichanganywe na ya injini. Ikitumika huiva kuelekea kahawia, na kahawia peke yake si msiba. Chomoa dipstiki, dondoshea tone moja kwenye karatasi ya tishu, usubiri dakika chache. Tone likisambaa na kuacha duara la wekundu uliofifia, oili bado ina uhai. Likibaki katikati kama dowa zito jeusi lenye chembechembe, imechoka. Kisha inuse. Harufu ya oili iliyoungua haifichiki, inakaribia ya pedi za breki zilizoshika moto.

Na kama ni ya waridi na nzito kama faluda, acha kila kitu, usiliwashe gari, nenda moja kwa moja kwenye swali la radieta.

Kupima kwenyewe ni injini ikiwaka au imezimwa?

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu wamezoea oili ya injini. Kwa Toyota, Nissan na nyingi za Kijapani, unapima injini ikiwaka na giaboksi ikiwa moto. Endesha robo saa hivi, egesha mahali tambarare, kanyaga breki, pitisha gia zote polepole kuanzia P hadi L na kurudi P, iache injini ikinguruma taratibu, ndipo uchomoe dipstiki. Ipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe yote, ichomoe tena usome. Oili huvimba ikipata moto, ndiyo maana dipstiki ina alama mbili: ya baridi na ya moto. Ya kuaminika ni ya moto.

Honda wana desturi yao: gari likishapata moto unalizima, halafu unapima ndani ya dakika moja au moja na nusu. Ukipima Honda kwa mtindo wa Toyota utadanganyika.

Kuzidisha ni kubaya kama kupunguza. Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga hadi itoe povu. Povu halibebi presha, gia zinaanza kuteleza, na wewe unadhani oili ni chache. Unaongeza tena! Nimeona mtu akifanya hivyo mara tatu. Na tambarare ni tambarare kweli. Tairi mbili zikiwa juu ya ukingo wa barabara, kipimo hicho si kipimo.

Oili yangu imekuwa kama faluda. Imetoka wapi?

Imetoka kwenye radieta, na hapa Mombasa nadiriki kusema imetoka kisimani.

Oili ya giaboksi inapozwa kwa kupitishwa kwenye kipoza kidogo kilichofichwa ndani ya radieta, kwa kawaida kwenye tangi lake la chini au la ubavuni. Oili iko ndani ya kipoza, maji ya radieta yako nje yake, na kati yao ni ukuta mwembamba wa chuma. Sasa sisi tunafanya nini? Mifereji ikikauka tunanunua maji ya mkokoteni, au tunachota kisimani, na maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Maji hayo hayo tunayatia kwenye radieta kwa sababu kulanti tunaiona ni anasa ya watu wa baridi. Chumvi inaanza kula chuma, kimya kimya, miaka miwili, mitatu. Siku ukuta ule unapotoboka, maji na oili vinakutana.

Kulanti kazi yake kubwa kwetu si kuzuia barafu. Ina dawa ya kuzuia kutu, na huchelewesha maji kuchemka. Itie kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mtungi, na kama ni ya kuchanganya, changanya na maji yaliyochujwa chumvi, si ya bomba na seuze ya kisima.

Nilijifunza hili kwa fedha yangu. Gari lilikuwa likipungua maji, nikawa naongeza ya dumu lililokuwa uani, dumu ambalo hata chai hatukulipikia. Asubuhi moja nikaona utando wa mafuta juu ya maji ya radieta, nikajiambia ni uchafu tu. Wiki iliyofuata dipstiki ikatoka na faluda. Fundi hakunigombeza. Alilionja lile dumu kwa ncha ya kidole, akanitazama, akanyamaza.

Ikitokea kwako: radieta nyingine kwanza, kisha oili ya giaboksi ibadilishwe mara nyingi mfululizo hadi itoke nyekundu safi. Ukiwahi, unaweza kuokoka. Ukichelewa, maji hulegeza gundi inayoshikilia ngozi za klachi kwenye sahani, na zikishabanduka hakuna oili itakayozirudisha.

Kuna njia nyingine ya maji kuingia: kuendesha kwenye mafuriko ya masika. Giaboksi ina tundu la kupumulia, na maji yakilifikia huvutwa ndani. Kama ulivuka dimbwi lililofika kwenye boneti, pima oili siku hiyo hiyo.

Nitie oili gani? Muuzaji ananiambia zote ni nyekundu, zote ni sawa.

Muuzaji anataka kufunga duka aende kuswali. Si sawa.

Kinachotofautisha oili hizi ni jinsi zinavyoteleza na zinavyoshika, na uzito wake. Giaboksi ilitengenezwa ikitegemea tabia fulani ya oili. Chanzo cha kwanza cha kuaminika ni dipstiki yenyewe, kwani magari mengi ya Kijapani yameandikwa jina la oili pale pale kwenye kijiti, halafu kitabu cha gari. Kwa jumla, mambo yako hivi. Corolla nyingi za miaka ya 1990 hutaka Dexron II au III. Toyota za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Corolla NZE121, nyingi ni T-IV. Zilizofuata ni WS, ambayo ni nyepesi kuliko T-IV, na Toyota wenyewe hawaruhusu moja itumike mahali pa nyingine. Nissan kama Sunny B15 ni Matic D. Mitsubishi wana SP-II na SP-III. Honda walikuwa na Z1, na siku hizi DW-1 imechukua nafasi yake. Honda usiichezee kabisa, kwa sababu giaboksi zake zimejengwa tofauti na za wenzake. Mercedes 190 na W124, zile za wazee wetu wanaozipangusa kila Ijumaa, ni Dexron II au III.

Kuhusu Dexron III kuna jambo la kujua. General Motors, wenye jina hilo, walikoma kutoa leseni zake mwishoni mwa mwaka 2006, wakaleta Dexron VI mahali pake. Kwa hiyo chupa yoyote mpya iliyoandikwa Dexron III leo haina leseni ya General Motors. Nyingine ni nzuri, nyingine ni rangi tu. Angalia kama mtengenezaji anajulikana, kama muhuri wa kifuniko haujaguswa, na kama nyuma ya chupa kuna orodha ya oili inazolingana nazo, na yako imo. Dexron VI ni nyepesi zaidi. General Motors wanasema inaweza kutumika palipotakiwa III, lakini kwenye giaboksi kuukuu yenye sili zilizokakamaa mimi hubaki na uzito wa zamani.

Oili ya pipa, ile ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, sitii hata kwa kuazima.

Ni lita ngapi? Fundi amesema inaingia saba, lakini zimetoka tatu tu. Ameniibia?

Hajakuibia. Ukifungua nati ya chini, inatoka oili iliyo kwenye sampu, lile sinia la chini ya giaboksi, peke yake. Iliyobaki imejificha ndani ya konveta, lile bakuli kubwa lililo kati ya injini na giaboksi, pamoja na kwenye valvu bodi (chuma chenye njia za oili ndani ya giaboksi), kipoza na mabomba yake.

Ndiyo sababu tunabadilisha kwa awamu. Chukua giaboksi yenye lita 6 na nusu, ambayo hutoa lita 3 kila ukiimwaga. Baada ya mara ya kwanza, asilimia 54 ya oili iliyomo bado ni ya zamani. Mara ya pili, asilimia 29. Mara ya tatu, 16 tu. Mimi huachanisha wiki mbili au kilomita mia tano hivi kati ya awamu moja na nyingine, ili oili mpya izunguke na kuosha ilikopita. Kwa gari kuukuu hii ndiyo njia ya upole: uchafu unaondoka kidogo kidogo, na kama giaboksi ina ugonjwa uliojificha, utauona baada ya lita tatu, kabla hujanunua kumi.

Mercedes 190 na W124 zina bahati yao. Konveta zake zina nati ya kumwagia: unaizungusha injini kwa mkono mpaka nati itokeze kwenye tundu la chini, unafungua, na karibu oili yote inatoka kwa siku moja. Muulize fundi kama anaijua nati hiyo. Jibu lake litakuambia mengi.

Kuna mahali wana mashine ya kusukuma oili yote mara moja. Si rahisi zaidi?

Rahisi ni rahisi. Kwa gari lililobadilishwa oili kila wakati, mashine inayobadilishana oili kwa nguvu ya pampu ya giaboksi yenyewe haina neno. Ile inayosukuma kwa presha yake, kwenye giaboksi ambayo haikuguswa miaka kumi na mitano, siitaki. Uchafu uliokuwa umetulia kwenye pembe unaamshwa wote kwa pamoja, na njia za valvu bodi ni nyembamba mno. Na mashine haifungui sampu kukuonyesha sumaku zilizomo ndani yake.

Nikitaka kufanya mwenyewe uani, nianzie wapi?

Nunua kwanza: oili sahihi lita nne kwa awamu, washa mpya ya nati, faneli yenye mrija mrefu mwembamba, beseni, na chupa tupu za lita moja za kupimia. Toyota nyingi nati yake ya giaboksi hufunguliwa kwa aleni namba 10. Honda nati ina tundu la mraba linaloingia mpini wa soketi wa inchi 3/8.

Pasha gari moto kidogo, dakika kumi zinatosha. Oili ya moto hutoka vizuri, lakini ya moto sana hubabua, na mkono ndio uko chini yake. Inua gari kwa jeki kisha liweke juu ya stendi za chuma. Tofali usiliamini, iwe la saruji au la matumbawe. Hupasuka bila kupiga hodi.

Kabla ya kumwaga tone moja, hakikisha pa kutilia panafunguka. Kwa gari lenye dipstiki hili si tatizo, kwani unatilia pale pale kwenye mrija wake. Lakini Toyota kadhaa za WS hazina dipstiki. Zina nati ya kutilia ubavuni na nyingine ya kupimia kwa kuchuruzika, na kipimo chake hutaka oili iwe kwenye nyuzi joto maalumu. Hizo mpelekee fundi mwenye kifaa cha kusoma joto hilo. Mtu aliyekwisha kumwaga oili kisha akakuta nati ya kutilia imeshika kutu huwa na siku ndefu.

Mwaga, subiri hadi ibaki kudondoka, kisha funga nati kwa washa mpya. Nyuzi nyingi ni za alumini, kwa hiyo kaza kwa kiasi. Nguvu za kufungulia nati za tairi ziache huko huko. Mimina iliyotoka kwenye chupa zako, ikiwa imepoa, ujue ni kiasi gani hasa. Ikitoka lita tatu na robo, unarudisha tatu, robo unaisubirisha. Washa injini, mguu kwenye breki, pitisha gia zote ukikaa sekunde tano kila moja, pima, ongeza robo ile kidogo kidogo. Halafu endesha kutoka Nyali hadi Mtwapa na kurudi, upime tena kwa moto. Kipimo hicho cha mwisho ndicho cha kweli.

Lazima kushusha sampu na kubadilisha filta?

Kwa gari kuukuu ambalo hujui historia yake, ndiyo, angalau katika awamu ya kwanza. Pale ndipo giaboksi inapokusimulia maisha yake.

Ndani ya sampu mna sumaku ndogo, mbili au tatu. Utakuta zimevaa ndevu za tope laini la kijivu. Hilo ni la kawaida, ni unga wa chuma wa miaka mingi. Safisha urudishe sumaku mahali pake. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari nyingine. Vikinata kwenye sumaku, kuna chuma kinavunjika. Vikiwa vya rangi ya shaba na havinati, bushi zinaliwa. Ngozi nyeusi zilizobanduka kama magamba ya samaki ni za klachi.

Filta ya Toyota nyingi za zamani ni wavu wa chuma, na ukiukuta mzima unaweza kuoshwa kwa petroli na kukaushwa, ingawa mpya ni bora. Za kitambaa hubadilishwa. Honda nyingi filta yake iko ndani kabisa, haifikiki bila kupasua giaboksi, basi wenye Honda wamepumzishwa. Boliti za sampu ni ndogo na hukazwa kwa nguvu ndogo, kwa kuzungukia mfano wa msalaba. Ukizikaza sana sampu hupinda na kuvuja milele.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, iangalie pia sampu yenyewe kwa nje, na yale mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye radieta. Upepo wa chumvi huyala taratibu. Yangu niliyakuta yamebaki unene wa ganda la yai.

Fundi amemwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini. Inawezekana kweli?

Inawezekana, tena si haba. Nati mbili zinakaa jirani chini ya gari. Mtu anafungua ya giaboksi, anaona oili imetoka, anafunga, kisha anatia lita nne juu ya injini ambayo bado imejaa. Gari linaondoka na injini iliyovimbiwa na giaboksi yenye njaa. Ikitoka nyekundu, simama hapo hapo.

Subaru ina mtego wake zaidi: difu ya mbele ina oili yake, nati yake na dipstiki yake, na watu huimwaga hiyo wakidhani ndiyo giaboksi. Baadhi ya Corolla za zamani zenye gia tatu nazo zina difu yenye nati yake peke yake.

Oili ni mpya, lakini gari linapiga kishindo nikiweka D. Kulikoni?

Kabla ya kulaumu oili, fungua boneti, mtu aweke D na R huku amekanyaga breki, utazame injini. Ikiruka, mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini, zimekatika, na hilo giaboksi haihusiki nalo. Kwa Toyota za zamani kuna waya unaotoka kwenye kabureta au throto kwenda giaboksini. Ukiwa umelegea au umekazwa kupita kiasi, gia hubadilika vibaya hata oili iwe ya dhahabu. Kama taa ya O/D OFF, ile ya ovadraivu (gia ya juu kabisa), inamweka yenyewe kwenye dashibodi, kompyuta inakuambia kuna hitilafu ya umeme, mara nyingi solenoidi au sensa. Mpelekee fundi wa umeme kwanza.

Ile chupa ya dawa ya giaboksi inasaidia?

Inaweza kulainisha sili zilizokakamaa, uvujaji mdogo ukapungua kwa muda. Ngozi za klachi haioteshi.

Nibadilishe kila baada ya muda gani?

Mimi hubadilisha lita zile tatu kila kilomita 40,000. Vitabu vingine vinaruhusu zaidi, na vingine vimeandika oili ni ya maisha yote bila kusema maisha ya nani. Lakini vitabu hivyo hivyo huweka ratiba fupi kwa matumizi magumu, na matumizi magumu ndiyo yetu: joto la Februari na Machi linalopita nyuzi 30, foleni, mizigo. Probox inayobeba watu na magunia kutoka Mariakani kila siku isijilinganishe na gari la mstaafu wa Ganjoni.

Nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni, niweke N, D au P?

Foleni inayosogea kila dakika, baki D na breki. Kuchezesha gia kila mara nako kunachosha klachi. Ikisimama kweli, weka N na hendibreki. Ndani ya feri, hendibreki kwanza, uachie breki ya mguu gari likae, ndipo P na uzime injini. Ukiweka P kabla ya hendibreki kwenye mteremko, uzito wote wa gari unaning'inia kwenye kipini kidogo cha chuma ndani ya giaboksi, na kile kishindo unachosikia ukitoka ni chake.

Ukipanda Mazeras na mzigo, giaboksi ikawa inahangaika kati ya gia ya tatu na ya nne, zima ovadraivu. Kuhangaika huko ndiko kunakopika oili. Na ukiteremka kurudi mjini, usiweke N kwa kuokoa mafuta: utapoteza breki ya injini, na pampu ya giaboksi itazunguka kwa mwendo wa injini iliyosinzia huku vyuma vya ndani vikikimbia na tairi.

Gari limezima njiani. Nivutwe kwa kamba?

Kwa gari la otomatiki linalovutwa na tairi za mbele, zinyanyuliwe hizo za mbele, au gari zima lipandishwe juu ya lori. Injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi, na tairi zikizunguka giaboksi inajisaga kavu. Kusukuma ili liwake usijisumbue. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa.

Yangu ni CVT. Naweza kutia ATF, yaani oili ya otomatiki za kawaida?

Hapana. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze. Fielder NZE141 nyingi za injini ya 1500 ni CVT na hutaka CVTF TC. Nissan wana NS-1, NS-2 na NS-3. Tazama ubavuni mwa lile tundu la dipstiki au kwenye kitabu kabla hujaenda dukani. Ukishatia ATF kwa bahati mbaya, usiliwashe gari, mwaga.

Oili iliyotoka niipeleke wapi?

Si mtaroni. Mtaro wa Mombasa unaishia Tudor, Kilindini au Bahari Hindi, na samaki wa Jumapili anatoka huko huko. Irudishe kwenye chupa zilizobaki tupu, ufunge vizuri, uulize kituo cha mafuta au gereji yako. Nyingi zina pipa la oili chafu linalochukuliwa na wanaoisafisha. Wapo wanaoipaka kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa. Mama yangu alinikataza, akasema kanzu zinazoanikwa pale zitanuka gereji. Nami nikaona ana haki.